Jumamosi, Mwanafunzi Anaposhuka Mjini

Mazungumzo yetu ya leo yanaanzia Kamachumu, wilayani Muleba, Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa haujaachia migomba. Kituoni wapo vijana wachache waliovaa nguo za kutokea, wanasubiri gari la Bukoba. Ni wanafunzi wa uuguzi kutoka Ndolage, chuo kilicho pamoja na hospitali ya Kanisa la Kilutheri. Saa hiyohiyo wenzao wa Rubya wanasubiri gari upande wa Nshamba, na walimu watarajiwa wa Katoke nao wako njiani. Wiki nzima wamekula bwaloni. Ukiwauliza wanafuata nini mjini, watakutajia dawa ya meno, fotokopi, vocha, kusuka nywele. Yote ni kweli. Ila lipo jambo jingine wanalolitaja kwa sauti ya chini, kama watu wanaoungama: wanakwenda kula, kisha wanakwenda kuuzunguka mji.

Hawana cha kuungama. Kijana anayependa kula nje na kuzijua njia za mji anafanya kazi ambayo sisi wenyeji wengi wa Kagera tumeiacha, na leo tunataka kumsemea.

Tuanze na mzazi, maana ndiye anayeumia. Mzazi wa Kihaya akisikia mwanawe anakula hotelini, moyo unamshtuka, na si kwa ubahili. Buhaya nyumba iko katikati ya kibanja. Migomba imeizunguka, chini ya migomba kuna mibuni, chini ya mibuni kuna maharage, na pembeni magimbi. Chakula kilikuwa kinatoka hatua ishirini kutoka jikoni. Ndizi zilizopikwa zilikuwa za kupewa: mgeni anakaribishwa, anapewa kwanza kahawa ya kutafuna, kisha anakaa kusubiri chungu. Kwa fikra hiyo, mtu anayetoa pesa ili apewe sahani ya ndizi ni mtu asiye na kwao. Ndiyo maana bibi wa Kamachumu humfungia mjukuu ndizi mbivu na karanga kwenye mfuko, akamwambia asile ovyo huko anakokwenda.

Mji ulikuja na desturi nyingine. Bukoba kama mji ilianza Novemba 1890, Emin Pasha alipoweka kituo cha Wajerumani pale ufukweni. Baada yake zikaja bandari, maduka ya Wahindi, magunia ya kahawa, na watu waliolala mbali na vibanja vyao: wapagazi, mabaharia, makarani, wanafunzi wa misheni. Watu hao walihitaji mahali pa kula. Kwa Kiswahili chetu neno hoteli limebeba historia hiyo hadi leo. Kwa Mtanzania wa kawaida hoteli ni pa kula kwanza, habari ya kulala inakuja baadaye. Mama ntilie wa stendi ya Bukoba ni mrithi wa historia hiyo.

Basi gari linashuka kutoka Kamachumu, linakamata lami Muhutwe, linapita Kemondo penye bandari, linaingia mjini kwa Rwamishenye. Mwanafunzi ameshapanga hesabu zake. Nauli ya kurudi imekunjwa na kuwekwa nyuma ya simu, ndani ya kava, haiguswi hata mvua inyeshe mawe. Kilichobaki ndicho cha kula na kuzurura. Si kingi. Mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo alikuwa akihesabiwa shilingi 8,500 kwa siku za chakula na malazi, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 zikawa 10,000. Hela hizo zikiingia huitwa bumu, na zinapokwisha msamiati unabadilika: kuna kupiga pasi ndefu, yaani kunywa chai saa nne ili mchana upite hadi usiku, na kuna kudeshi, yaani kulala bila kitu. Wa vyuo vya kati hawakuwa hata na hilo bumu. Mikopo ya stashahada ilianza mwaka wa masomo 2023/2024 tu, tena kwa fani chache. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kudhani tunazungumzia watoto wa matajiri. Anayekula nje Jumamosi moja huenda amepiga pasi ndefu Jumanne na Alhamisi ili aweze.

Na anakula nini?

Hapa ndipo penye shida inayotuuma. Ukishuka stendi, chakula cha kwanza kukupigia kelele ni chipsi. Chipsi kavu, chipsi kuku, na chipsi mayai, lile zege ambalo ukiliagiza Bukoba, Singida au Mbagala utaletewa lilelile, na tomato sosi yake ileile. Ni chakula kizuri, kinashibisha, kinapikwa mbele ya macho yako. Lakini kijana aliyetoka Dodoma akapangiwa chuo cha Muleba, akifika Bukoba akala zege, atarudi kwao akiwa hajafika Bukoba.

Ndizi zipo. Ziko ndani, nyuma ya vibanda vya soko, kwa mama aliyeamka saa kumi alfajiri kumenya. Huyo anazipika zikiwa nzima au zimekatwa mara mbili, pamoja na maharage yaliyochemshwa jana, kitunguu, nyanya na mafuta, sufuria ikifunikwa kwa jani la mgomba. Siku nyingine anatia dagaa, siku nyingine utumbo, na chakula kinaitwa katogo. Tofauti yake na jirani zetu ni kubwa kuliko wageni wanavyodhani. Waganda huzifunga ndizi kwenye majani, wakazipika kwa mvuke na kuziponda mpaka zikawa kitu kimoja laini, ndipo mchuzi wa karanga uje pembeni. Wachaga wana mtori, ndizi zilizolainishwa na nyama mpaka zikanyweka. Mhaya anataka ndizi yake ibaki ndizi, aione, aikate kwa kijiko, na kitoweo kiwe kimeingia humohumo chunguni. Mwanafunzi anayejua kutafuta hufika kwa mama huyo kabla ya saa saba, kwa sababu saa nane sufuria imekwisha.

Anaingia, anainama kupita chini ya turubai. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, unatoka wapi?" "Rubya, mama." "Waitu! Mbali hivyo? Kaa." Neno hilo waitu, lenye huruma na heshima ndani yake, halimo kwenye orodha ya vyakula ya hoteli yoyote yenye viti vya sofa. Sahani inakuja na ndizi mbili za nyongeza zisizolipiwa.

Nenda Kampala, hutakuta mkahawa unaoona haya kuandika matooke. Nenda Forodhani, Unguja, jioni utakuta urojo na mishikaki vimewekwa mbele ya watalii. Mombasa wanaamka na mahamri na mbaazi. Hata Dar es Salaam, ndizi zetu zimepewa jina la mji wetu. Mama wa Sinza akienda sokoni anaomba ndizi bukoba, na muuzaji anajua aina gani anayotaka. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliolala Hosteli za Mabibo wamekaa jirani na soko kubwa la ndizi, Mabibo yenyewe, na mtoto wa Muleba aliyefika pale mara ya kwanza akaona mikungu ya kwao imepangwa hadi barabarani hawezi kuisahau siku hiyo. Ndizi imesafiri zaidi ya kilomita 1,400 ikiwa na jina la Bukoba, halafu Bukoba penyewe orodha ya vyakula inaanza na chipsi. Hilo si haki.

Kahawa nayo ina habari yake. Robusta imekuwa Buhaya tangu kabla ya Mzungu yeyote kufika. Watu waliichuma mbichi, wakaichemsha na majani yenye harufu nzuri, wakaianika, wakaifunga kwenye vifungashio vya migomba, na kuitafuna. Ilitumika kufunga undugu wa kuchanjiana: punje mbili za tunda moja, damu kidogo, kila mmoja akala ya mwenzake. Kahawa hiyo ya kutafuna bado inauzwa stendi na sokoni, kwenye vipakiti vidogo, na mwanafunzi mjanja hubeba kimoja kwa ajili ya usiku wa mitihani. Na katika mji huohuo kuna kiwanda cha TANICA, kilichoanza miaka ya 1960, kinachotengeneza kahawa ya kuyeyuka. Kopo lake limekaa kwenye meza nyingi. Mgeni anayekunywa kahawa ya TANICA Bukoba anakunywa kitu kilichotoka mtaa wa pili. Aambiwe! Mhudumu anayeweka kopo mezani na kuondoka bila kusema neno anamnyima mgeni nusu ya ladha.

Tukija kwenye senene, mwanafunzi amefanya mapinduzi bila kujua. Senene huja kwa wingi kati ya Oktoba na Desemba, na msimu mdogo huwa Machi hadi Mei. Upande wa Buganda wanao hata katika kalenda, kwani mwezi wa Novemba wanauita kwa jina la senene. Usiku wa manyunyu, taa za mji zinazungukwa na wingu la kijani, na watu wanatoka na ndoo. Wavunaji wakubwa wanasimamisha mabati na taa kali, senene wanagonga bati na kuteremka kwenye mapipa. Asubuhi kazi ni kunyonyoa mbawa na miguu, kisha wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi. Wazee wanasimulia kwamba zamani mwanamke alikwenda kuwaokota, akawapika, akawapeleka kwa mumewe, na mume akamtuza nguo mpya. Kula mwenyewe hakuruhusiwa. Leo Novemba ukipita stendi utamwona binti wa mwaka wa pili, kitambulisho cha chuo shingoni, ananunua senene wa kipimo cha glasi na kuwatafuna mmojammoja akisubiri gari, na hakuna anayegeuza shingo kumtazama. Nani alimpa ruhusa? Alijipa mwenyewe, kwa hela yake ya pasi ndefu, na bibi yake angefurahi kama angepata nafasi hiyo.

Baada ya kula, kuzurura. Bukoba ni mji wa kutembea kwa miguu, na hilo ni jambo la kushukuru. Kutoka sokoni hadi ufukweni ni mwendo wa maongezi. Njiani kuna Kanisa Kuu la Bukoba, ambamo tangu 2012 yamehifadhiwa masalia ya Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama zetu kufanywa kardinali, mwaka 1960. Watalii husoma bango na kupita. Mwanafunzi wa Rubya hupita na maswali zaidi, kwa sababu seminari iliyomlea Rugambwa iko palepale Rubya, jirani na chuo chake. Mbele kuna Kaitaba, uwanja wa timu ya Kagera Sugar, na siku ya mechi barabara inanuka mahindi ya kuchoma. Na katika majengo ya zamani bado zipo nyufa za tetemeko la Septemba 10, 2016, alasiri ile ya Jumamosi kama hii tunayoisimulia, watu walipokimbilia barabarani na wengine hawakuwahi.

Kisha Nyamukazi, kando ya uwanja wa ndege, penye mitumbwi na mbele yake kisiwa cha Musira. Kijana aliyekuja kula samaki hapa anaondoka na elimu ya uvuvi bila kuingia darasani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka hawafuati taa, mitumbwi inalala, na sahani ya dagaa inapanda bei. Mwanafunzi anayekula kila Jumamosi huanza kuuangalia mwezi. Samaki wanaotoka Goziba, Bumbire na Ikuza, visiwa vya Muleba, anaweza kuwatambua kwa maelezo ya muuzaji tu. Tena akikaa na wazee atasikia juu ya furu, samaki wadogo waliojaa ziwani kabla sangara hajaletwa katikati ya karne iliyopita na kuzimaliza aina za furu kwa mamia. Sangara wa kukaanga ni mtamu, minofu yake mikubwa inavuka hadi Ulaya. Lakini mzee anayezungumzia furu hulamba midomo, na kijana anajua kwamba kuna ladha ambayo kizazi chake hakitaionja sawasawa.

Wapo wanaosema mji ni mdogo, ukiuzunguka Jumamosi mbili umekwisha. Hao hawajatoka kwenda Maruku. Mwendo mfupi kwa bodaboda kutoka mjini kuna Katuruka, mahali ambapo mtafiti Peter Schmidt na wenzake waliwasikiliza wazee, wakachimba, na kuthibitisha kwamba watu wa hapa walifua chuma kwa moto mkali sana kiasi cha miaka 2,000 iliyopita. Habari hiyo ilitangazwa duniani mwaka 1978. Mwanafunzi wa ualimu wa Katoke atakayefika pale na kuona, siku moja atasimama mbele ya darasa la Muleba na kusema nilikwenda. Sauti yake itakuwa tofauti na ya mwalimu aliyesoma kitabuni.

Tamaa ya miji huanza hivyo, kisha inavuka maji. Wengi wa vijana hawa mji wao wa pili ni Mwanza, na njia tamu ni meli. MV Victoria ilisimama kwa miaka kadhaa, ikatengenezwa upya, ikarudi ziwani Agosti 2020 ikichukua abiria 1,200. Inaondoka Bukoba usiku, inagusa Kemondo, na kunakucha mawe ya Mwanza yanaonekana. Kijana anaikaribia safari hiyo kwa shangwe. Mama yake anakaa kimya. Yeye anakumbuka Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza na mamia wakapotea, wakiwemo wanafunzi. Hakuna ukoo Bukoba na Muleba usioweza kutaja jina. Kijana mwenye adabu husikia kimya hicho, humwahidi mama kwamba atapiga simu akifika, na hupiga. Upande wa pili, wanaovuka mpaka wa Mutukula kwenda Kampala hurudi na simulizi za Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, ambako wanafunzi hula rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, usiku wa manane. Chakula hicho kilikua kwa hela ndogo za wanafunzi, na leo Uganda inajivuna nacho mbele ya dunia.

Hilo la Wandegeya ndilo tunalolitamani Bukoba. Mwanafunzi ni mteja wa kila wiki. Ana hela kidogo, ana marafiki wengi, na akipata mahali pazuri anawaleta wote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaleta tawi lake Kagera, hapahapa Bukoba Vijijini, na vijana watakaokuja watatoka Mtwara, Iringa, Kigoma na Pemba. Watakuwa na njaa Jumamosi ya kwanza. Watakula kile watakachokikuta kimeandikwa ukutani.

Kwa hiyo tuna maombi. Mzazi wa Nshamba na Kamachumu, ukisikia mwanao amekula mjini, kabla ya kumgombeza muulize amekula nini na kwa nani. Ukisikia ndizi na maharage kwa mama wa sokoni, mwongeze nauli. Mkuu wa chuo, siku moja kwa muhula peleka gari Katuruka na Nyamukazi. Nanyi wenye hoteli za Bukoba na Muleba, nunueni chaki. Andikeni katogo mstari wa kwanza, juu ya chipsi. Wekeni kisahani cha kahawa ya kutafuna kila meza, kama bibi zenu walivyomwekea mgeni, na Novemba wekeni senene. Mama ntilie wa ndizi mpeni nafasi mbele ya barabara, atoke nyuma ya vibanda, ili gari la Kamachumu likisimama saa nne asubuhi sufuria yake iwe ya kwanza kuonekana.